Na kama Panya asingejua kuwasha moto?

Zawadi ndiye aliyeuliza. Ana miaka saba, ni mtoto wa pili wa dada yangu, na siku hiyo alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, kidevu kwenye viganja, miguu inapigapiga hewa. Ilikuwa Jumamosi alasiri, barazani kwetu Tabata. Nilikuwa nimetoka kuwasomea yeye na watoto wa jirani kitabu cha picha cha John Kilaka, mchoraji wetu aliyezaliwa Sumbawanga. Wenzake walishaanza kugombania ukurasa. Yeye akanitazama, akasema, "Mamdogo, na kama Panya asingejua kuwasha moto?"

Nilimwambia ni swali zuri, aniache nifikirie. Nimelifikiria miezi sasa.

Kwa ambaye hajakisoma: Tembo na Panya ni majirani, tena marafiki wa kushibana. Panya ni mdogo lakini ana akili ya kuweka akiba, na kati ya wanyama wote ni yeye tu anayejua kuwasha moto. Ukame unapoingia, Tembo anaingiwa na tamaa. Anamlaghai rafiki yake na kujitwalia chakula chote alichokusanya. Panya anapogundua kwamba amedhulumiwa, anahama. Hapo ndipo wanyama wengine wanapostuka kwamba amehama na moto wake. Wanamtafuta, na mwisho Panya anarudi.

Kilaka anachora kwa mtindo wa Tingatinga, ule ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga hapa Dar es Salaam miaka ya mwisho ya 1960 kwa rangi za kupaka baiskeli. Wanyama wake wanasimama kwa miguu miwili, wamevaa nguo za maua na za mistari kama majirani zangu wakienda gengeni. Nakala yangu ni ya Kiingereza, iliyochapishwa Canada mwaka 2006, maana vitabu vyake vilianza kutoka Uswisi kwa Kijerumani na kutoka huko vikaenda duniani. Kwa hiyo kila Jumamosi ninakirudisha Kiswahili kwa mdomo, ukurasa kwa ukurasa, na watoto hawajui kama kimepita mbali hivyo. Wanachojua ni kwamba Tembo amekosa, na wanamkasirikia kweli kweli.

Sasa nimseme Amani. Ni kaka yake Zawadi, ana miaka tisa, na siku ya swali lile alikuwa hapohapo kwenye kiti chake, kile alichotengenezewa na fundi seremala wa mtaani, chenye mbao mbili za kumzuia asidondokee upande. Amani ana mtindio wa ubongo. Hasemi. Mikono yake haimtii. Akitaka kushika kitu inakwenda inakotaka yenyewe. Analishwa, anaogeshwa, anabadilishwa nguo. Anacheka sana, na kuna mambo yanayomchekesha ambayo sisi tunachelewa kuyaona.

Zawadi hakumtaja kaka yake, wala hakumwangalia. Lakini mimi nilielewa swali lilitoka wapi. Panya ana moto. Mtoto huyu anaishi na mtu ambaye hana moto, na alitaka kujua kama kitabu kina nafasi yake.

Nilirudi kwenye rafu yangu kama mtu anayehesabu pesa baada ya kusikia kuna noti bandia mtaani. Navipenda vitabu vya picha vinavyozungumzia wale wasiofanana na wenzao, nimevikusanya miaka mingi, vingi vya mtumba. Nikavitoa kimoja kimoja na kukiuliza kila kimoja swali la Zawadi. Yupo twiga asiyejua kucheza ngoma, anayechekwa na wanyama wote mpaka anapoupata mdundo wake porini. Anamalizaje? Anacheza kuliko wote, na waliomcheka wanapigwa na butwaa. Yupo samaki mweusi wa Leo Lionni, Swimmy, wa mwaka 1963, anayeishi kati ya samaki wekundu. Samaki wadogo wanapojipanga wafanane na samaki mmoja mkubwa ili wasiliwe, yeye mweusi anakuwa jicho. Picha ile ni nzuri mno. Mara ya kwanza kuiona nilinyamaza. Na yupo sungura wa Kilaka huyohuyo katika kitabu kingine, kile cha mti wenye matunda yasiyodondoka mpaka uutaje kwa jina lake. Wanyama wakubwa wanamkataa sungura kwa udogo wake, wanakwenda wao kwa Kobe kuuliza jina, na wote wanalisahau njiani. Sungura ndiye anayelirudia na kulirudia hadi anafika: Ntungulu Mengenye. Watoto wangu wa Jumamosi wanaliimba jina hilo hadi leo wakiruka kamba.

Vyote hivyo ni vitabu vizuri na sivitupi. Lakini ona: kila mmoja wa hawa amelipa kiingilio. Twiga amelipa kwa kucheza, samaki kwa kuwa jicho, sungura kwa kumbukumbu. Kundi limemkataa mtu, halafu limegundua ana faida, likamkubali. Aliyeko pembeni ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha. Walioko katikati wanasubiri tu waonyeshwe. Mtoto anayesikiliza hadithi kama hizo mia moja anajifunza kwamba kuwa tofauti kunavumilika, almuradi tofauti yako iwe na kazi.

Wala haya hayakuanzia kwenye vitabu vya wageni. Sisi wenyewe tumelelewa na methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliinukuu mwaka 1962 katika kijitabu chake cha ujamaa, na hapo akaeleza kwamba mgeni mara nyingi huliomba jembe mwenyewe kabla ya kupewa. Naipenda methali hiyo. Inamheshimu mgeni. Ukishapewa jembe wewe si mgeni tena, u mwenzetu, shamba ni letu wote. Baba alikuwa akiitaja kila tukipata wageni kutoka kijijini, na wageni walicheka, wakainuka wakaenda kuchota maji.

Lakini Amani amekaa na sisi miaka tisa na hawezi kushika jembe. Hawezi kushika kijiko. Methali imemwacha mlangoni.

Kuna jambo moja la nyumbani kwetu ambalo sijawahi kuliandika, na dada ameniruhusu. Amani alipozaliwa, mtaa mzima ulimwita dada Mama Amani. Ndivyo ilivyo kwetu, ukishazaa jina lako la utotoni linakwenda likizo, unaitwa kwa mtoto wako wa kwanza, na heshima yako inakaa humo. Miezi ikapita, mtoto hakukaa, hakushika shingo, tukaanza safari za kliniki. Miaka miwili baadaye akazaliwa Zawadi. Hakuna aliyekaa kikao. Hakuna aliyesema neno. Lakini taratibu, dukani, msibani, kwenye kikoba, dada akaanza kuitwa Mama Zawadi. Waliofanya hivyo walikuwa watu wema, nadhani waliona wanampunguzia uchungu. Alipogundua ilikuwa imeshakuwa. Aliniambia jikoni, akiwa amenipa mgongo, anachambua mchele: "Wamemruka mwanangu."

Ndiyo maana kitabu cha Elmer kilinishika koo mahali ambapo pengine hakimshiki mtu mwingine. Nilikinunua kwa muuza vitabu vya mtumba aliyetandaza bidhaa zake chini, katikati ya mji karibu na Posta. Ndani kina muhuri wa maktaba ya shule ya Uingereza, na mtoto fulani wa huko amemchorea simba masharubu kwa kalamu. Mwandishi ni David McKee, Mwingereza aliyefariki mwaka 2022. Elmer ni tembo ambaye ngozi yake ni miraba ya rangi zote, njano, nyekundu, zambarau, bluu, kijani, katika kundi la tembo wa kijivu. Ni mcheshi, wanampenda, lakini usiku mmoja anakosa usingizi akiwaza kwamba wanamcheka kwa vile alivyo. Alfajiri anatoroka. Anapoelekea porini wanyama wanamsalimu: habari za asubuhi, Elmer. Anafika kwenye kichaka cha matunda, anayatikisa, anagaagaa humo mpaka juisi inamfunika na anakuwa na rangi ya tembo. Anarudi kwa njia ileile. Wanyama walewale wanamsalimu: habari za asubuhi, tembo.

Nilipofika hapo kwa mara ya kwanza nilisoma kwa sauti ya kawaida, watoto wasijue. Amefanana na wote na amepoteza jina. McKee hakuandika sentensi ya kueleza lolote, salamu tu imebadilika neno moja.

Kuna chanzo nyuma ya kitabu hicho ambacho mwandishi alikisimulia mwenyewe. Mkewe alikuwa na asili ya India. Siku moja familia ikiwa inatembea barabarani Devon, huko Uingereza, kijana mmoja akamtolea binti yao mdogo neno la kibaguzi kwa sababu ya rangi yake. Elmer alitoka mara ya kwanza mwaka 1968, akachorwa upya mwaka 1989, na huyo wa pili ndiye dunia inayemjua. Ukishajua kwamba ni baba anayeandika kwa ajili ya mtoto aliyetukanwa njiani, unaelewa kwa nini hakuna tembo mbaya katika kitabu kile. Hakutaka mtoto wake aishi katika kundi la maadui.

Na mwisho wake! Elmer amesimama kati ya tembo wa kijivu, wote wamenyamaza, wamenuna kama sanamu, yeye anashindwa kujizuia na kupiga kelele moja ya ghafla. Wanastuka, wanacheka, mvua inanyesha, rangi yake halisi inatokeza. Kisha wanaamua kwamba kila mwaka siku moja tembo wote wajipake rangi, na Elmer siku hiyo awe wa kijivu. Wao ndio wanaotoka kwao na kwenda alipo yeye. Sikuwahi kukutana na jambo hilo kwenye kitabu kingine cha aina hii, na ingawa Elmer naye ana kipaji, ana ucheshi, sikukuu ile haikutolewa kama malipo ya kazi. Wamefurahi naye tu.

Kukitafsiri kilinipa shida. Kiingereza kinamweleza Elmer kwa neno la shuka zuri la vipande vilivyoungwa, kitu ambacho bibi humtunzia mjukuu. Mara ya kwanza nikasema "tembo wa viraka", na watoto wakaangua kicheko ambacho sikukipenda. Kiraka kwetu ni kaptula ya shule iliyotoboka makalioni. Ni umaskini uliokaa nyuma yako ambapo wewe huuoni na wengine wanauona. Nikamkumbuka mama yetu, aliyekuwa fundi cherehani na alikuwa na kapu la mabaki ya vitenge chini ya meza. Kila mwisho wa mwaka aliyaunga akatutengenezea shuka la kujifunika, na hakuna kipande kilichofanana na jirani yake. Tangu hapo Elmer wetu ni tembo wa vipande vya vitenge. Hawacheki tena. Rehema wa nyumba ya tatu alikwenda kumwomba mama yake amshonee.

Nikiwa bado kwenye maneno: lugha yetu nayo nimeitazama upya. Kipofu, kiziwi, kiwete, kibyongo, wote hao wamepangwa ngeli moja na kiti na kijiko. Najua kijana yumo, na kiongozi yumo, kwa hiyo sisemi ngeli hiyo ni tusi. Lakini sikiliza tunavyosema: kiziwi yule amekuja. Hatusemi kile kimekuja. Jina limemweka na vitu, sarufi ikamwendea ikamrudisha kwa watu, na hakuna mtoto wa Tabata anayekosea hapo hata kama hajaanza shule. Kuna mambo lugha inayajua kabla yetu. Neno zeruzeru tumeanza kuliacha na kusema mtu mwenye ualbino, na hilo ni jema, maana mtu anatangulia.

Kitabu cha bata mwenye sura mbaya cha Hans Christian Andersen wa Denmark, cha mwaka 1843, nimekiondoa kwenye Jumamosi zangu. Wengine watanilaumu. Naelewa ukubwa wake. Andersen, mtoto wa fundi viatu wa Odense aliyechekwa, alijiandika mwenyewe humo. Ila kwa Amani hakuna kitu. Bata yule anateswa na kundi, halafu anagundua kwamba si bata, ni ndege mwingine mwenye uzuri kuliko wao wote, na anaruka. Wale waliomtesa wanabaki kama walivyo. Angebaki bata wa kijivu mwenye shingo ndefu je?

Niliwahi kuazimwa kitabu cha kuhesabu ambacho nilikirudisha kwa shida, Moja Means One, cha mwaka 1971. Kimeandikwa na Muriel Feelings, Mmarekani mweusi aliyewahi kufundisha Uganda, na kuchorwa na mumewe wakati huo, Tom Feelings. Kinahesabu moja mpaka kumi kwa Kiswahili, moja ikiwa ni Kilimanjaro. Kwa kitabu hicho Tom akawa msanii mweusi wa kwanza wa Marekani kupata tuzo ya heshima ya Caldecott, ile ya vitabu vya picha. Zawadi alishangaa kwamba kuna kitabu kizima cha kufundisha moja, mbili, tatu. Nikamweleza kwamba walikuwepo watoto ambao mababu zao walichukuliwa Afrika kwa nguvu, wakanyang'anywa lugha, na mwandishi huyu aliwaletea maneno haya kama mtu anayeleta maji kwa mikono miwili. Alitulia kidogo. Akauliza kama walijua pia kuhesabu zaidi ya kumi. Ninachokipenda ni kwamba mtoto ndani ya kitabu hicho hathibitishi chochote. Anapewa mlima, anapewa namba.

Na hapo nafika kwenye kitabu kilichonijibu nusu ya swali, na kilikuwa rafuni kwangu muda wote. Kinaitwa The Snowy Day, Siku ya Theluji, cha Ezra Jack Keats, mwaka 1962. Mtoto mweusi aitwaye Peter anaamka na kuona theluji imefunika mji. Anavaa vazi lake jekundu, anatoka. Anakanyaga theluji vidole nje, anakanyaga vidole ndani. Anaburuza fimbo. Anaupiga mti kwa fimbo hiyo na theluji inamdondokea kichwani. Anatengeneza donge, analitia mfukoni kwa ajili ya kesho, anarudi nyumbani. Mama anamvua soksi zilizoloa. Anaoga. Kabla ya kulala anatazama mfukoni, donge halipo, anahuzunika. Usiku anaota jua limeyeyusha theluji yote. Asubuhi ipo, na nyingine inaanguka, naye anamwita rafiki yake watoke pamoja. Kimeisha.

Sikukisoma kwa muda mrefu kwa sababu ya theluji. Niliona nitatumia alasiri nzima kueleza kitu ambacho hata mimi sijakigusa. Nilikosea. Kila mtoto wa mtaa wetu anajua barafu, zile za ubuyu za kwenye vifuko vya nailoni zinazouzwa madirishani, na kila mmoja amewahi kujaribu kuiweka akiba. Nilipofika kwenye donge mfukoni, Hamisi alishika kichwa kwa mikono miwili, akasema, "Jamani, itayeyuka!" Wakati wa soksi wote walijua mama huyo atasema nini, ingawa hasemi.

Na nilipofika kwenye mti na theluji kudondoka, nilitoa sauti ya kitu laini kinachoanguka, puu, na Amani akacheka. Akacheka kwa mwili mzima, kiti kikalia. Nikarudia, akacheka tena. Hamisi akarudia, Rehema akarudia, na tukabaki kwenye ukurasa ule mpaka adhana.

Usiku nilikifungua peke yangu na kukiuliza swali la Zawadi. Peter anajua nini? Hajui chochote. Hamwokoi mtu, hashindi mashindano, hagundui dawa. Hakuna anayemcheka na hakuna anayekuja kumwomba radhi. Siku nzima hafanyi lolote lenye faida kwa binadamu mwingine, na mji wote ni wake, theluji ni yake, mama ni wake, soksi zake zinavuliwa.

Kitabu hicho kilishinda tuzo ya Caldecott mwaka 1963, na wapo waliokilaumu. Mwaka 1965 Nancy Larrick aliandika makala iliyotikisa wachapishaji wa Marekani. Alikuwa amechunguza vitabu 5,206 vya watoto vya miaka mitatu, akakuta asilimia 6.7 tu vilikuwa na hata mtu mweusi mmoja. Katika makala hiyo alimgusa Keats pia: alivyomchora mama, na kwamba maneno ya kitabu hayasemi popote kuwa Peter ni mweusi. Nampa Larrick haki yake kwa namba zile, kazi aliyoifanya ilihitajika. Kwa hilo la kutotaja nasimama na Keats. Kuna wakati wa kulisema jambo na kuna wakati wa kumwacha mtoto acheze. Sisi nyumbani tunasema "mtindio wa ubongo" daktarini, shuleni, kwenye fomu. Shule moja ya awali ilitusikiliza mpaka mwisho, kisha ikatuambia hawana nafasi, wakati geti lao lina bango la kutangaza nafasi. Tumelisema sana. Ninapenda pawe na mahali ambapo halisemwi, si kwa aibu, kwa sababu tu theluji imeanguka na kuna mambo ya kufanya.

Keats mwenyewe alizaliwa Brooklyn mwaka 1916 kwa wazazi Wayahudi waliotoka Poland, jina lake likiwa Jacob Ezra Katz. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alilibadilisha kwa sababu ya ubaguzi dhidi ya Wayahudi. Naye aligaagaa kwenye matunda, kama Elmer. Mwaka 1940 alikata kwenye gazeti la Life picha kadhaa za mtoto mweusi mdogo, akazibandika ukutani, akakaa nazo zaidi ya miaka ishirini kabla ya kumchora Peter. Kila nikiwaza habari hiyo naona mtu aliyempisha mtoto asiye wake akae sebuleni kwake bila sababu yoyote, akisubiri tu siku yake ifike. Mwaka 2020 Maktaba ya Umma ya New York ilipotimiza miaka 125 ilitangaza kwamba kitabu hicho ndicho kilichoazimwa kuliko vyote katika historia yake, mara 485,583.

Jumamosi iliyofuata nilimwambia Zawadi kwamba swali lake limenishinda, na tuliulize sote. Tukakifungua tena cha Panya na Tembo, safari hii nikasimulia Panya asiyejua kuwasha moto. Amedhulumiwa, amehama. Nini kinatokea? Hamisi alisema hakuna anayemtafuta, hadithi imeisha, na alisema kwa uso wa mtu anayejua anachosema. Baba yake ana miaka mitatu hajaonekana. Sikumrekebisha. Rehema alisema watamtafuta kwa sababu usiku walizoea kumsikia anavyoguguna, na sasa kimya hakiwapi usingizi. Zawadi akasikiliza wote, akasema Panya harudi kabisa, kwa nini arudi, ila Tembo anahamia kule alikohamia Panya. Nyumba ya Panya ni ndogo kwa hiyo Tembo analala nje, kichwa tu ndiyo kimeingia ndani.

Nikamuuliza wanakula nini sasa, na hawana moto. Akasema matunda.

Wiki mbili zilizopita nilichelewa kurudi kutoka kazini. Dada alikuwa uani anaanua nguo. Nilikuwa bado navua viatu nikasikia kikundi cha watoto getini, sauti ya Hamisi imetangulia. Wamekuwa wakija hata siku za katikati ya wiki, na kiti cha Amani huwa kwenye baraza, ndicho wanachokiona kwanza ukitokea barabarani. Hamisi akapiga hodi kwa kiganja kwenye bati.

"Hodi! Mama Amani! Amani ameamka? Tumekuja na mkeka wetu."

Dada alisimama na shuka mkononi. Kisha akaitikia, karibuni, na kwenda kuwafungulia.